Ule "moshi" wa ndani ya ndege si moshi: AC ya ndege yafanya kazi vipi haswa?

Wiki mbili hizi kuna video imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku kwetu Mombasa mpaka mimi peke yangu nimeletewa mara nne. Ni ndani ya ndege, abiria wamekaa, wengine bado wasukuma mabegi juu, na kwenye ule mwanya mrefu ulio chini ya kabati za mizigo kwatoka wingu jeupe, zito, lashuka taratibu mpaka kwenye mabega ya watu, na kwa nyuma wasikia mama yuasoma Ayatul Kursi. Alonitumia wa kwanza kaandika ndege yaungua. Wa pili kaandika gesi ya AC imepasuka. Wa tatu ni jamaa wa barza yetu pale Makadara, huyo kaapa kabisa kwamba hio ni dawa, marubani huipuliza ili watu walale wasisumbue. Wa nne alikuwa shangazi yangu, yuwaenda Umra mwezi ujao na hajapanda ndege tangu azaliwe, yeye hakuandika maelezo, aliandika swali: "Mwanangu, huu moshi vipi, niahirishe?"

Nkamjibu asiahirishe. Lakini barzani jioni yake nkakuta mjadala mkali kuliko wa siasa, kila mtu na lake, kahawa yapoa kwenye vikombe, nkaona bora niandike mara moja niwe natuma hii kila nikiulizwa.

Nijieleze kidogo: mimi si injinia wala rubani. Nilifanya kazi miaka kadhaa kule chini kwenye lami ya uwanja wa ndege, kusukuma ngazi, kuburuta mipira, kupakia mabegi, na mtu akishinda chini ya matumbo ya ndege muda mrefu na akawa na mdomo wa kuwauliza mafundi, hujua mambo.

Tuanze na majina matatu tu, hayo mengine yatakuja yenyewe. La kwanza ni blidi. Injini ya jeti ukiitazama kwa mbele waona feni kubwa, na nyuma ya hio feni kuna safu za feni ndogo ndogo zafuatana, kila safu yaishindilia hewa zaidi kuliko ilotangulia, na safu zote kwa jumla ndo kompresa. Mwisho wa kompresa ndo pahali mafuta huingia na moto kuwaka. Sasa kabla ya kufika kwenye mafuta, kabla ya moto, kuna vitundu ubavuni vya kuchomolea hewa kidogo ilokwisha kushindiliwa. Hewa hio ilochomolewa ndo mafundi huiita blidi. La pili ni paki, na si ya kupaki gari, ni mtambo uliofichwa chini ya tumbo la ndege, pale mbawa zinapokutana na mwili, ambao hio hewa hupitishwa ikapoe. Ndege nyingi za kawaida zina paki mbili, ya kushoto na ya kulia. La tatu ni vali ya kutolea, mlango mdogo wa nyuma ambao hewa ya ndani hutokea nje. Injini, paki, vali ya nyuma. Hewa huingia huku ikatokea kule, safari nzima, haisimami.

Na hapa ndo pana jambo ambalo mtu akilishika vizuri, nusu ya uvumi wa barzani yafa yenyewe: ndege nyingi zina pumzi moja. Hewa ya kukupoza, hewa ya kuvuta puani, hewa ya kuijaza ndani iwe na presha, hewa ya kuyeyusha barafu kwenye mbawa, hata hewa ya kuzungushia injini wakati wa kuiwasha, zote zatoka bomba moja. AC ya gari ukiizima, utatokwa na jasho tu lakini safari yaendelea. AC ya ndege ndo mapafu ya ndege.

Kwa nini ihitaji mapafu? Manake kule juu hakuvutiki. Ndege ikiwa futi 35,000, yaani kama kilomita 10 na nusu juu ya vichwa vyetu, presha ya hewa haifiki hata robo ya ile ya hapa ufukweni Nyali, na baridi ni kama nyuzi 54 chini ya sifuri. Oksijeni haijapungua kwa fungu lake, bado ni asilimia 21 kama hapa, lakini hewa yenyewe imetawanyika mno hivi kwamba mapafu yavuta na hayapati kitu, mtu ana nusu dakika hadi dakika moja hivi ya akili timamu alafu basi. Kwa hivo ndege hujazwa hewa ndani. Haijazwi mpaka iwe sawa na Mombasa, manake mwili wa ndege ungetakiwa kuwa mnene na mzito sana, hujazwa mpaka ifanane na pahali pa mlimani, na sheria yasema isizidi futi 8,000, mita 2,400 hivi. Kwa mkenya hio ni Nyahururu. Watu wanaishi Nyahururu, wanalima viazi, wanacheza mpira, hawafi. Zile Dreamliner, yaani Boeing 787, na Kenya Airways wanazo tangu 2014, zaweza kukaa chini kidogo, futi 6,000 hivi, yaani Nakuru. Kwa hivo ukitoka Mombasa kwenda mbali, mwili wako umepelekwa Nakuru au Nyahururu ukakalishwa huko saa tano saba, na ndo maana mtu wa pwani hushuka kachoka kuliko mtu wa bara, anaekwenda "mlimani" ni wewe.

Ukitaka kuiona hio presha kwa macho nunua paketi ya krisps za muhogo hapa, zile zilofungwa vizuri, uziweke kwenye mkoba. Ndege ikipanda paketi yavimba mpaka yawa kama mto wa kulalia. Hakuna alopuliza hewa mle ndani, ni hewa ile ile ya Mombasa ilofungiwa ndani, sasa ya nje imelegea na yenyewe yajitanua, kwenye presha ya Nyahururu yataka nafasi zaidi kwa kama theluthi. Hata ukishuka Nairobi, paketi bado imevimba, manake uwanja wa JKIA wenyewe uko mita 1,600 na kitu juu ya bahari. Masikio yako nayo ni paketi mbili za krisps, tofauti ni kwamba yana njia ya kutolea hewa kupitia kooni, na ndo maana meza mate, tafuna kitu, mtoto mpe ziwa wakati ndege yashuka.

Sasa turudi kwenye blidi. Ushawahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kupiga tairi? Chini pamewaka moto. Hewa ukiishindilia hupata joto, hio ndo tabia yake. Pampu ya baiskeli ni mkono wa mtu tu, kompresa ya jeti ni kitu chengine kabisa, kwa hivo hewa yatoka pale na moto wa kuunguza, hupozwa kidogo njiani kwa hewa ya feni, na bado ikifika kwenye paki ni kama nyuzi 200. Hio ni joto la mafuta ya kukaangia bhajia. Watu huniuliza, nje kuna baridi nyuzi 54 chini ya sifuri, sasa AC ya nini, si wafungue tu hewa iingie? Jibu ndo hilo, hewa ya nje ni baridi lakini ni nyembamba haivutiki, ukiishindilia ivutike yageuka moto, kwa hivo lazima uipoze tena. Ongeza na watu wenyewe, mtu mmoja alokaa tu kimya hutoa joto kama balbu ya zamani ya wati 100, sasa weka balbu 170 kwenye chumba kirefu kisicho na dirisha la kufunguka.

Namna paki inavyoipoza ndo pahali mimi hupenda sana, manake hamna gesi. Gari lako AC ikiacha kupoza fundi hukwambia gesi imekwisha, akajaza, ukalipa. Paki nyingi za ndege hazina gesi hio kabisa, hewa yenyewe ndo gesi. Hewa ya moto huingia kwenye redieta ya kwanza, sawa na redieta ya gari, nje yapigwa na upepo wa nje, joto lapungua. Alafu, na hapa ndo watu hushangaa, inashindiliwa tena, yapanda joto upya, alafu yapitishwa redieta ya pili. Kwa nini uipe joto kitu wataka kukipoza? Kwa sababu kitu cha moto sana hutoa joto haraka kwa kitu cha baridi, na ukishaitoa hilo joto umebaki na hewa ilobanwa sana na isokuwa na moto mwingi. Hatua ya mwisho ni kuiachilia ipenye kwenye tabaini, gurudumu dogo lenye mapanga, lazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Hewa yalisukuma gurudumu ili ipite. Na joto ni nguvu tu, hakuna zaidi. Hamali wa mkokoteni ukimsukumisha magunia kutoka Marikiti mpaka juu Mwembe Tayari atafika nguvu zimemwisha, na hewa ni hivo hivo, ikitumikishwa kulisukuma gurudumu nguvu yaisha, na hewa iloishiwa nguvu ndo hewa baridi. Yatoka pale karibu na sifuri, wakati mwengine chini ya sifuri. Na ujanja wa mwisho, lile gurudumu limefungwa kwenye fimbo moja na ile kompresa ya kushindilia mara ya pili, kwa hivo hewa inayotoka ndo yaisukuma inayoingia.

Sisi wa chini kwenye lami tuliijua paki kabla ya kuijua jina lake. Ukipita chini ya tumbo la ndege ilosimama na AC yafanya kazi, wapigwa na upepo wa moto kama mtu kafungua tanuri la mkate, ile ni joto lote lilotolewa juu ya abiria latupwa chini kwetu. Mwezi wa pili, saa nane mchana, jua juu, lami chini, na huo upepo ubavuni. Juu yetu watu wamejifunika blanketi. Pembeni padondoka maji kidogo kidogo, hayo ni maji yalotolewa kwenye hewa, si mafuta, nshawahi kuona abiria kwenye ngazi yuaonesha kidole yuasema ndege yavuja.

Chini kule injini kubwa zimezimwa, kwa hivo pumzi yatoka pengine. Mkiani kabisa kuna injini ndogo ya jeti, yaitwa APU, ule mlio wa kama mbu mkubwa unaousikia ukiikaribia ndege ni wake. Kazi yake ni umeme na hewa wakati injini zimelala. Viwanja vyengine wana mashine ya nje ya kuleta hewa ya baridi kwa mpira mnene kama mwili wa mtu, waunganishwa chini ya tumbo, huo nshauburuta mpaka mgongo ukaniuma.

Haya, sasa ule moshi.

Mombasa hewa yetu ina maji. Sio mfano, ina maji kweli, shati waliona likishikamana na mgongo saa mbili asubuhi. Milango ya ndege iko wazi, watu waingia, hewa yetu yote yaingia nao. Kwa juu paki zasukuma hewa ya karibu sifuri. Hewa baridi haiwezi kubeba maji mengi, kwa hivo zile mbili zikikutana maji yakosa pa kukaa, yajigeuza matone madogo madogo yaelea, na hayo matone ndo lile wingu. Ni kitu kile kile waona ukifungua deep freezer kwenye duka la samaki, au chupa ya soda ya baridi ikitokwa na jasho mezani, hakuna anaesema soda yaungua. Milango ikifungwa, paki zikaikausha hewa ya ndani, dakika chache wingu limekwisha na hutaliona tena mpaka mtue. Mtu wa Nairobi huliona mara chache kuliko sisi kwa sababu hewa yao ni kavu na ya ubaridi, kwa hivo ikitokea Mombasa wao ndo hushtuka zaidi na wao ndo hurekodi.

Tofauti na moshi wa kweli si ngumu. Mvuke huanguka, hupotea kabla ya kufika magotini, hauna harufu, hauwashi macho, na hutoka kila pahali kwa usawa, mbele mpaka nyuma. Moshi hunuka. Huwasha. Hutoka pahali pamoja, na hauondoki. Ukinusa plastiki yaungua usishike simu kurekodi, bonyeza kengele umwite mhudumu. Na yale matone yanayokudondokea kichwani ndege ikianza kutembea, hayo nayo ni maji tu ya jasho la mabomba.

Sasa malalamiko ya pili makubwa ya barzani, na hili nami nalielewa kwa mwili wangu: "Wametuzimia AC makusudi." Nlisafiri mwezi wa tatu mwaka fulani, tumeshaingia, mlango umefungwa, hatuondoki. Jirani yangu mama wa makamo kavua kishali yuajipepea na ile kadi ya maelezo ya usalama, mtoto nyuma yualia, na kile kitundu cha hewa juu ya kichwa chatoa hewa ya uvuguvugu kama pumzi ya mtu. Alafu ikawa kama imekatika kabisa. Mama akanigeukia: "Baba, hawa wametuzimia kabisa, tumewakosea nini?" Nkamwambia, mama, hio ni habari njema, wanawasha injini.

Na ilikuwa kweli. Injini nyingi za jeti haziwashwi kwa betri kama gari, ni kubwa mno, huzungushwa kwa hewa ile ile, hewa kutoka APU yapelekwa yote kwenye mtambo wa kuzungushia, na kwa muda huo paki zafungwa. Pumzi ni moja, nimesema, ikienda kwenye injini haiji kwako. Injini ya kwanza ikishika, ya pili, alafu wasikia fuuu, AC yarudi na nguvu kuliko mwanzo kwa sababu sasa kuna injini mbili za kuilisha. Ndege ikiwa nzito na siku ni ya joto, marubani pia wanaweza kuziacha paki zimefungwa wakati wa kupaa ili injini zibaki na nguvu zake zote, dakika chache tu, alafu wafungua.

Lakini tusiwatetee kupita kiasi. APU hula mafuta, kama kilo 100 na zaidi kwa saa kwa ndege ya ukubwa wa 737, na kuna makampuni huambia marubani waichelewese kuiwasha. Kwa hivo ule uvumi kwamba AC huzimwa ili kubana mafuta una ukweli wake, si kila mara lakini upo. Na kuna siku APU yenyewe ni mbovu, sheria yaruhusu ndege iruke nayo hivo hivo manake angani haihitajiki sana, basi hapo huletwa gari la hewa kutoka nje kuwashia injini, na mpaka injini iwake abiria wakaangwa. Kumzomea mhudumu haisaidii, naye yuakaangwa na amevaa tai.

Presha nayo watu huielewa kinyume. Wengi hudhani kuna mashine ya kupuliza zaidi na zaidi kadiri ndege inavyopanda. La. Hewa inayoingia ni ile ile karibu muda wote, kinachobadilika ni mlango wa kutokea. Chukua ndoo yenye tundu chini uiweke chini ya mfereji unaotoka maji bila kukoma. Ukitaka maji yapande waziba tundu kidogo, ukitaka yashuke walifungua. Vali ya nyuma ndo tundu, kompyuta yalifungua na kulifunga polepole, na ndo maana ndege ikiwa na kitundu kidogo pahali, kwenye ufito wa mlango mathalan, hailipuki, tundu la ndoo lazibwa kidogo zaidi mambo yaendelea.

Na wale mnaoogopa mtu kufungua mlango angani: kule juu kila sentimita moja ya mraba yasukumwa kutoka ndani kwa nusu kilo na kidogo zaidi. Wasikia ni kidogo, lakini zidisha kwa mlango mzima upate tani nane hivi. Milango mingi imetengenezwa kama kizibo, lazima uivute ndani kwanza kabla haijatoka nje. Hakuna mwanamume.

Hatari ya kweli ya presha haina kelele. Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya Helios, Boeing 737, iliruka kutoka Larnaca, Cyprus, kuelekea Athens. Mafundi walikuwa wameipima presha usiku na swichi ikabaki kwenye upande wa kuongozwa kwa mkono, haikurudishwa kwenye otomatiki. Ndege yapanda, vali ya nyuma iko wazi, ndoo haijai. Honi ya hatari ikalia na marubani wakaifasiri kuwa ni onyo jengine, manake mlio ulikuwa mmoja. Akili zikawalegea bila wao kujua, ndo tabia ya kukosa oksijeni, mtu hujihisi yuko sawa tu. Ndege ikajiendesha mpaka mafuta yakaisha ikaanguka karibu na Grammatiko, watu wote 121 wakafa. Kwa hivo mhudumu akisema barakoa ikishuka vaa yako kwanza kabla ya mtoto, sio ukatili. Barakoa hushuka hewa ya ndani ikilegea kama ya mita 4,200, urefu wa kambi za juu za Mlima Kenya, na oksijeni yake ni ya dakika 12 au zaidi kidogo, inatosha rubani kuishusha ndege pahali panapovutika. Ule mfuko wa plastiki usipovimba usishtuke, oksijeni yaja hivo hivo.

La hewa kuzunguka ile ile mpaka mwisho wa safari lilivuma sana wakati wa korona. Ukweli ni nusu kwa nusu: kama nusu ya hewa inayokushukia ni mpya kutoka nje, nusu ni ya ndani ilopitishwa kwenye filta zinazonasa asilimia 99.97 ya chembe ndogo, aina ya zile za vyumba vya upasuaji. Hewa mpya peke yake, kanuni ya Marekani yataka ndege zitengenezwe ziweze kumpa kila mtu robo kilo kwa dakika. Robo kilo ya hewa ya hapa Mombasa ni kama mitungi 10 ya lita 20, fikiria mkokoteni wa maji wakumwagia hewa kila dakika. Hewa ya chumba kizima hubadilika kila dakika mbili tatu, na yashuka kutoka juu ikatokea miguuni safu ile ile, haitembei kutoka kiti cha mbele mpaka cha mwisho. Kwa hilo ndege yaishinda matatu ya Kisauni mbali sana. Ubaya wake ni ukavu. Unyevu ndani ya ndege ni asilimia 10 hadi 20 tu, midomo yapasuka, koo lakauka, sisi wa pwani twaisikia kuliko wengine wote.

Na harufu? Ukinusa mafuta ya taa mkiwa kwenye foleni ya kuruka, hio ni moshi wa ndege ilo mbele yenu umevutwa na injini yenu, yapita. Iko harufu nyengine, ya soksi chafu, hio ni mafuta ya kulainishia injini yamepenya kwenye kizibo yakaingia kwenye blidi. Hapa siwezi kusema ni uvumi. Mafuta hayo yana kemikali ambazo kwa wingi huathiri mishipa ya fahamu, kuna marubani na wahudumu wamelalamika miaka mingi, Seneti ya Australia ilichunguza ndege aina ya BAe 146 ikatoa ripoti mwaka 2000, na wataalamu bado wanabishana kiasi gani kinadhuru. Dreamliner wamelikwepa swali lenyewe: hewa ya abiria haichomolewi kwenye injini, kuna kompresa za umeme zenye midomo yake nje. Kwa maoni yangu hio ndo njia ilofaa zamani.

Lile la jamaa wa barza, kwamba marubani hupuliza dawa watu walale, sina haja ya kulijibu sana. Rubani avuta hewa ile ile kutoka paki zile zile, akiwalaza nyinyi analala yeye.

Shangazi nilimsomea haya yote kwenye voisi, dakika kumi na moja. Akasikiliza mpaka mwisho, akajibu: "Sawa mwanangu, nimeelewa, ni Nyahururu. Sasa na achari yangu ya embe?" Kumbe kamfungia binti yake alo Jeddah vikopo vitatu. Nkamwambia iende kwenye begi la chini, huko nako kuna presha ile ile ya juu, ajaze vikopo mpaka ukingoni hewa isibaki, manake hewa ndo inayojitanua, na avifunge kwenye kitambaa kizito. Akasema vimeshafungwa kwa selotepu, na vimejaa nusu tu, manake nusu nyengine ameila baba yenu.